Programu ya Maswali ya Masomo Katika Simu: Kazi ya Fundi Mmoja na Wajibu wa Kamati



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo limeanza kuingia katika maombi ya miradi ya elimu. Ni programu ya simu inayomuuliza mwanafunzi maswali ya masomo yake na kumsahihisha papo hapo. Mara nyingi mwombaji ni kijana mmoja aliyesomea kompyuta, mwenye kompyuta mpakato yake na nia ya kuwasaidia wadogo zake wanaojiandaa na mtihani wa Kidato cha Nne. Ombi huwa la ukurasa mmoja au miwili, na kamati hubaki ikijiuliza: tumsaidie au tumwache?

Swali hilo si jepesi kwa mwanakamati aliyezoea kukagua tofali, bati na mifuko ya saruji. Programu haihesabiki kwa macho. Inaweza kuonekana imekamilika ilhali nusu ya kazi haijafanyika, na inaweza kuonekana ndogo ilhali imebeba jasho la mwaka mzima. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, ili kamati iweze kuuliza maswali ya msingi kabla ya kutoa fedha, na mfadhili aelewe fedha yake inakwenda wapi.

Kwa nini maswali, na si kusoma tu?

Wanafunzi wengi hujiandaa na mtihani kwa kurudia daftari mara nyingi. Njia hiyo humpa mwanafunzi imani kwamba ameelewa, lakini imani hiyo haidumu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo. Kila mwanafunzi alisoma habari fupi moja mara mbili. Habari nyingine aliisoma mara moja, kisha akaandika kile alichokumbuka bila kuiangalia.

Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka asilimia 81 ya habari waliyoisoma mara mbili na asilimia 75 ya ile waliyojipima. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walikumbuka asilimia 42 ya habari waliyoisoma mara mbili, na asilimia 56 ya ile waliyojipima. Maana yake ni kwamba kule kujikamua kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu. Programu ya maswali ni chombo cha kumfanya mwanafunzi ajikamue hivyo kila siku, hata pale ambapo hakuna mwalimu wa kumuuliza.

Jambo la pili ni kurudia kwa mpangilio. Mwaka 1972 mwandishi wa habari wa Ujerumani, Sebastian Leitner, alieleza njia ya kutumia kadi na sanduku lenye vyumba kadhaa. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza. Mwanafunzi akijibu sawa, kadi husogea chumba cha mbele, ambako hurudiwa baada ya siku nyingi zaidi. Akikosea, kadi hurudi chumba cha kwanza na ataiona tena kesho. Hivyo analolijua halimpotezei muda, na asilolijua halimkimbii. Fundi wa programu huhamishia sanduku hilo ndani ya simu: kila swali hupewa namba ya chumba na tarehe ya kuulizwa tena. Kijana anayeleta ombi aweze kuieleza kamati jambo hili kwa maneno yake mwenyewe.

Je, mtu mmoja anaweza?

Anaweza, na mifano ipo. Andrew Sutherland alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa miaka 15 huko California, Marekani, mwaka 2005, alipopewa orodha ya majina 111 ya wanyama kwa Kifaransa ili ayakariri. Aliandika programu ya kujiuliza mwenyewe, na Januari 2007 akaifungulia umma. Leo inajulikana duniani kwa jina la Quizlet.

Mfano wa pili ni Damien Elmes wa Australia. Alianza kutengeneza programu ya kadi iitwayo Anki kwa ajili ya kujifunza Kijapani, na akaitoa mwaka 2006. Kwenye kompyuta inapatikana bure. Kwenye simu za iPhone inauzwa kwa takriban dola 25, na mauzo hayo ndiyo yaliyoiendesha kazi kwa miaka mingi. Toleo la simu za Android lilitengenezwa na watu wa kujitolea, nalo ni bure.

Mifano hii ina mafunzo mawili kwetu. Kwanza, wote wawili walianza na hitaji walilolijua kwa karibu, wakatengeneza kitu kidogo kilichofanya kazi, ndipo wakakipanua. Pili, programu hizo zinatumika baada ya karibu miaka 20 kwa sababu palipatikana njia ya kulipia matunzo yake, au watu wengine waliingia kusaidia. Kuanza kunaweza kuwa kwa mtu mmoja. Kuendelea hakuwezi kutegemea mtu mmoja siku zote.

Kazi kubwa ni maswali

Watu wengi hudhani kazi kubwa ni kompyuta. Fundi anayejua kazi yake anaweza kutengeneza programu ya kwanza, yenye kuuliza, kusahihisha na kuhesabu alama, katika muda wa wiki chache. Kazi ndefu ni kuandika maswali na kuyahakiki.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba swali moja, pamoja na majibu manne, maelezo mafupi na uhakiki wa mwalimu wa pili, linachukua dakika 15. Maswali 1,000 yatachukua saa 250. Walimu wakikutana kila Jumamosi kwa saa 5, hiyo ni kazi ya Jumamosi 50, yaani karibu mwaka. Ombi lisilotaja walimu hata kidogo linaonyesha kwamba mwombaji hajaipima kazi yake.

Swali zuri la kuchagua nalo lina ufundi wake. Chukua hesabu hii ya sehemu: 3/4 + 1/2. Jibu sahihi ni 1¼. Vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi, visiwekwe ovyo. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake ataweka 4/6, kwa kuwa yupo mtoto anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ataweka 3/8, kwa kuwa yupo anayezidisha. Ataweka 1/4, kwa kuwa yupo anayetoa. Mtoto akichagua 4/6, programu inajua amekosea wapi na inaweza kumweleza: tafuta kwanza asili ya pamoja, kisha jumlisha. Kuandika neno "Umekosea" peke yake hakumfundishi mtoto kitu.

Hapa tunasisitiza jambo moja. Swali lenye jibu lisilo sahihi ni hatari zaidi katika programu kuliko katika kitabu. Sanduku tulilolieleza hurudia swali mpaka jibu likae kichwani. Kama jibu lililowekwa ni la uongo, chombo hicho hicho kitamkaririsha mtoto uongo huo, na ataingia nao katika chumba cha mtihani akiwa na uhakika kabisa. Hata vipotoshi vina hatari yake: mwaka 2005 Roediger na mwenzake Elizabeth Marsh walionyesha kwamba mtu anayejibu maswali ya kuchagua anaweza baadaye kulishika jibu la uongo kama kweli. Kinga yake ni kumwonyesha mwanafunzi jibu sahihi na sababu yake mara tu anapojibu. Kwa hiyo kila swali lipite mikononi mwa walimu wawili, na programu iwe na sehemu ya kutoa taarifa kwamba swali fulani lina kasoro.

Aidha, maswali huzeeka. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika nchini Januari 2024 na unaingia kwa awamu, darasa baada ya darasa. Maswali yaliyoandikwa kwa muhtasari wa zamani yanaweza kuwa sahihi na bado yasimfae mwanafunzi wa leo. Kila swali liandikwe somo, mada, darasa na mwaka wa muhtasari uliotumika, ili siku ya mabadiliko yaondolewe yale tu yanayohusika.

Kwa upande wa sekondari kuna suala la lugha. Masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili mara nyingi hukwama kwenye lugha kabla hajafika kwenye somo. Swali linaweza kubaki katika lugha ya mtihani, na maelezo yakatolewa kwa Kiswahili. Vitabu vingi havina nafasi ya kufanya hivyo, lakini simu inayo.

Simu ya nani, na bando la nani?

Fundi anayefanyia kazi mjini, penye umeme na intaneti, anaweza kusahau mazingira ya mtumiaji. Tunapendekeza mambo matatu.

(a) Programu ifanye kazi bila intaneti. Hili halina ugumu. Swali moja na maelezo yake ni wastani wa herufi 500, hivyo maswali 1,000 ni herufi 500,000, yaani takriban nusu megabaiti. Ni kidogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu za siku hizi. Maswali yote yanaweza kukaa ndani ya simu yenyewe, na intaneti ikahitajika tu wakati wa kupokea marekebisho. Simu za Android zina tayari hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, ambayo haina malipo ya leseni.

(b) Simu moja itumike na watoto kadhaa. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo mtoto atatumia simu ya mama au ya kaka jioni. Programu iruhusu kila mtoto kuwa na jina lake na sanduku lake, la sivyo maendeleo ya dada yatachanganyika na ya mdogo wake. Kamati nayo iangalie ni nani anayepewa simu nyumbani. Kama wavulana wanashika simu na wasichana wanashika vyombo, programu itawaongezea walio nacho. Saa za kujisomea katika ukumbi wa usharika, kwa simu au vishikwambi vichache vya pamoja, husaidia kusawazisha.

(c) Wasio na simu za tachi wasisahauliwe. Bado zipo nyumba zenye kitochi tu. Maswali yale yale yaliyohakikiwa yanaweza kuchapwa katika karatasi au kukatwa kuwa kadi za sanduku la Leitner, ambalo kwa asili lilikuwa sanduku la kadi. Fedha iliyolipia maswali mazuri haipotei.

Kuijaribu na kuitoa

Njia ya kawaida ya kuifikisha programu ya Android kwa watu ni kupitia Google Play. Fundi hulipa dola 25 mara moja tu kufungua akaunti. Kwa iPhone malipo ni dola 99 kila mwaka, kwa hiyo mradi mdogo ni vema uanze na Android.

Lipo sharti ambalo wengi hulikuta mwishoni. Mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu kwa umma mpaka ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na idadi hiyo ilipunguzwa Desemba 2024. Kwa fundi anayefanya kazi peke yake chumbani, kupata watu 12 waaminifu kwa wiki mbili ni shida. Kwa usharika wenye umoja wa vijana, kwaya na walimu, ni tangazo moja la Jumapili. Huu ni msaada ambao kamati inaweza kuutoa bila kugusa mfuko.

Majaribio hayo yasifanywe kwa kutimiza sharti tu. Fundi akae kando na kumtazama mtoto akitumia programu bila kumwelekeza. Mtoto akikwama kwenye kitufe, dosari ni ya kitufe. Aidha, mpangilio wa majibu ubadilishwe kila swali linaporudi, maana watoto hukariri herufi haraka kuliko somo: wanakumbuka "B" bila kukumbuka kwa nini.

Baada ya kutolewa kuna matunzo. Karibu kila mwaka Google hupandisha kiwango cha Android ambacho programu inapaswa kukidhi. Kwa mfano, kuanzia tarehe 31 Agosti 2025 programu mpya na marekebisho yalitakiwa kulenga Android 15. Programu isiyoguswa kwa miaka kadhaa huacha kuonekana kwa watu wenye simu mpya. Programu ni kama kisima cha pampu: kuchimba ni mara moja, lakini vipuri ni vya kila mwaka.

Sheria zinazohusika

Kwanza ni hakimiliki. Mitihani iliyopita imetungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na vitabu vina waandishi na wachapishaji wake. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kunakili maswali hayo neno kwa neno na kuyasambaza kunahitaji idhini. Njia salama ni walimu kutunga maswali yao wenyewe kwa kufuata muhtasari, na kuandikiana nao kwa maandishi nani atakuwa na haki juu ya maswali hayo.

Pili ni taarifa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume inayohusika na azilinde. Ushauri wetu ni mwepesi: programu isikusanye kisichohitajika. Jina la utani na chumba cha kila swali vinaweza kubaki ndani ya simu bila kutumwa popote. Namba ya simu, picha na mahali mtoto alipo havina kazi katika kumuuliza maswali ya Baiolojia.

Fundi akiondoka itakuwaje?

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Kijana mwenye ujuzi huu anaweza kupata ajira mjini wakati wowote, na ni haki yake. Anaweza kuugua. Anaweza kupoteza kompyuta kwa wezi. Kama kila kitu kiko kwake, mradi unakwisha siku hiyo, pamoja na saa 250 za walimu. Kabla ya fedha ya kwanza kutoka, tunashauri yafuatayo yakubaliwe kwa maandishi:

1. Maswali yote yahifadhiwe pia katika jedwali la kawaida la kompyuta, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua bila fundi, na nakala yake ikae ofisini.

2. Msimbo wa programu uwekwe mahali pa pamoja penye nakala ya akiba, na watu wasiopungua wawili waweze kuufikia.

3. Ikiwezekana akaunti ya Google Play ifunguliwe kwa jina la taasisi. Akaunti ya taasisi huhitaji uthibitisho wa usajili wa kisheria na namba ya utambulisho iitwayo D-U-N-S. Kwa kuwa usharika kwa kawaida hauna usajili wake peke yake, jambo hili lipitie ofisi ya dayosisi.

4. Fundi aandike maelezo mafupi ya jinsi programu ilivyojengwa, na awe na kijana mwingine anayejifunza kwake.

5. Ijulikane fundi atalipwa nini na kwa muda gani. Kujitolea ni kuzuri, lakini mtu anayejitolea bila mpaka huchoka, na akichoka huacha kimya kimya.

Kupima mafanikio

Mfadhili akiuliza matokeo, jibu lisiwe idadi ya watu walioipakua programu. Kuipakua ni kugusa kitufe tu. Tuangalie ni watoto wangapi bado wanaitumia baada ya miezi mitatu, na je, wanajua zaidi kuliko mwanzo. Jaribio fupi la karatasi kabla ya kuanza na jingine la aina hiyo baada ya muhula, likisimamiwa na mwalimu, litasema mengi kuliko takwimu za simu.

Anayesoma alama akumbuke pia kubahatisha. Katika maswali 20 yenye majibu manne kila moja, mtoto asiyejua lolote atapata wastani wa 5 kwa kubahatisha. Akitoka 5 kufikia 7 si jambo la kushangilia bado. Akitoka 5 kufikia 14 kuna kilichotokea.

Mwisho

Tunawasihi wanakamati msiogope ombi la namna hii kwa sababu tu ni la kompyuta, wala msilipitishe kwa sababu tu ni la kisasa. Mwiteni kijana, mpeni nafasi ya kueleza, na mumuulize: Nani anaandika maswali? Nani anayahakiki? Inafanya kazi bila bando? Taarifa za watoto zinakwenda wapi? Ukiondoka nani ataendelea? Mwenye majibu matano mazuri anastahili kuungwa mkono. Mwenye matatu arudi akajipange na walimu, kisha apewe nafasi ya pili.

Na kwa wafadhili wetu: mkiona bajeti ambayo sehemu kubwa ni posho na nauli za walimu, na sehemu ndogo ni vifaa, msidhani kwamba fedha imepotea njia. Kinachomfikia mtoto ni maswali, na maswali hayo yameandikwa na walimu.